Dai za chuma za kukatia karatasi: jinsi ya kuzitumia na kuzitunza zidumu

Watu wengi wakiona dai, yaani kile kipande chembamba cha chuma kinachokata maumbo kwenye karatasi, imeanza kukata vibaya wanasema imeisha makali, wanaitupa pembeni na kuagiza nyingine. Mara nyingi dai yenyewe haina shida yoyote. Makali ya dai za chuma yanakaa miaka ukizitumia kwenye karatasi, kinachoziua ni vitu viwili, presha isiyo sawa na unyevu, na vyote viwili viko mikononi mwako. Kwa hiyo humu ndani hata nikiongelea karatasi au pleti (vile vibao vya plastiki vya kukatia) au gundi, jua bado niko kwenye presha na unyevu.

Naongea hasa na wale wanaotengeneza vitu nyumbani, kadi za harusi, kadi za michango, sendofu, kicheni pati, boksi za zawadi, vipambio vya juu ya keki, kwa mashine ndogo ya mezani. Zile dai kubwa za matbaa, plaiwudi yenye visu vilivyokunjwa na sponji pembeni yake, zinazofungwa kwenye mashine kama Heidelberg, zina mambo yake na leo siziingilii.

Dai yenyewe

Ni kipande cha chuma chembamba, unene wake kama milimita moja au pungufu. Mgongo wake ni bapa kabisa, upande wa pili una ukingo ulioinuka, ukipitisha kidole taratibu unausikia, na huo ukingo ndo unaokata. Wakati wa kutengeneza wanachukua bamba la chuma, wanakinga sehemu zinazotakiwa kubaki, halafu dawa inakula pale palipoachwa wazi mpaka ukingo unabaki umesimama. Ndo maana zinaweza kuwa na michoro midogo midogo sana, majani, lesi, maandishi, na ndo maana pia ukingo ni mfupi na hautaki kutumiwa kibabe. Matundu madogo unayoyaona katikati ya chuma sio urembo, ni ya kupitisha pini kusukuma karatasi iliyoganda ndani.

Nyingi zinatengenezwa kwa chuma cha kaboni na sio steinlesi. Hicho chuma ni kigumu na kinashika makali vizuri lakini kinapenda kutu, na kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar hilo sio jambo la kupuuza. Mtu wa Arusha au Nairobi anaweza kuacha dai mezani wiki nzima isifanye chochote, wa pwani asijaribu.

Seti mpya mara nyingi inakuja dai zimeshikana kwa vijiti vidogo vya chuma. Usizikunje-kunje mpaka zivunjike, unapindisha dai kabla hujaitumia hata mara moja. Chukua koleo la kukatia waya, kata karibu kabisa na ukingo wa dai, kisha lainisha kile kichongo kilichobaki kwa tupa ndogo. Kichongo ukikiacha kinachimba pleti zako kila unapopitisha, na kinashika karatasi ichanike pembeni. Ukimaliza, kata karatasi za bure mara mbili tatu, maana baadhi ya dai zinatoka kiwandani na mafuta na karatasi ya kwanza itatoka na doa.

Kwenye kununua nina neno moja tu, vipimo. Picha za mtandaoni zote zinaonyesha dai ikiwa kubwa inajaza skrini, halafu mzigo unafika kutoka China unakuta ua la saizi ya shilingi mia. Soma sentimita zilizoandikwa, zichore kwenye karatasi kwa rula, iweke juu ya kadi unayotaka kutengeneza, ndo uamue. Na angalia inaingia kwenye mashine yako. Mashine kama Big Shot ya kawaida mdomo wake ni inchi 6, kama sentimita 15, kwa hiyo dai ya kukata fremu ya A4 haipiti, A4 ina upana wa sentimita 21 na inataka mashine ya saizi hiyo.

Mashine inafanyaje kazi

Hizi mashine zilianzia mashuleni, kampuni ya Ellison ya Marekani ilianza mwaka 1977 kuwatengenezea walimu mashine za kukata herufi na maumbo ya kubandika darasani, na mwaka 2001 ndo wakaleta Sizzix kwa ajili ya watu wa majumbani. Leo kuna majina mengi, na za China zisizo na jina kubwa zinafanya kazi vizuri tu, ila kanuni ni ileile kwa zote. Kuna rola mbili na nafasi isiyobadilika katikati yake. Wewe unapanga sandwichi ya pleti, dai na karatasi yenye unene unaozidi ile nafasi kidogo sana, unaipitisha, na ule uzidifu mdogo ndo unageuka kuwa presha. Ukielewa hapo umeelewa karibu kila kitu, maana karatasi moja ya fotokopi ukiongeza au ukitoa inabadilisha matokeo.

Kuna za umeme na za kuzungusha hendeli. Kwa anayeanza mimi nasema chukua ya hendeli bila kusita. Kwanza umeme ukikatika kazi inaendelea, ya umeme inaweza kukuachia sandwichi imebanwa katikati ya rola. Pili, na hili ndo kubwa zaidi, mkono wako unasikia ugumu, ukishazoea unajua kabisa hapa imekaza kawaida na hapa imezidi, mota haikwambii kitu mpaka pleti ipasuke.

Kupanga sandwichi

Kila mashine ina mpangilio wake, fuata kilichoandikwa na mtengenezaji wake maana sandwichi ya mashine hii sio ya mashine ile. Kwa mashine nyingi za mezani na dai nyembamba inakuwa hivi:

1. Bao la chini, lile linalobeba vyote.
2. Pleti moja ya kukatia.
3. Dai, mgongo chini, ukingo unaokata uangalie juu.
4. Karatasi, uso mzuri uangalie chini ugusane na dai.
5. Pleti ya pili juu.

Uso mzuri unagusa dai kwa sababu upande huo ndo unapata ukingo laini na ile mistari ya mapambo inayochorwa na dai inatokeza vizuri. Unaweza kugeuza pia, karatasi chini uso juu na dai juu yake ukingo ukiangalia chini, na hii ndo njia ya kutumia ukitaka kukata mahali maalum, tuseme jina lililoprintiwa na unataka fremu iwe katikati yake, maana unaiona dai imekaa wapi.

Dai ikihama kidogo tu kazi imeharibika, kwa hiyo ishike kwa maskin tepu vipande viwili vidogo. Kabla ya kubandika, ipapase ile tepu kwenye nguo yako mara moja mbili ipungue nguvu, la sivyo inaondoka na ngozi ya karatasi. Soltepu ya kawaida usitumie, inaacha gundi kwenye chuma na inachana kadi.

Usikate na dai mbili zilizopandana hata kwa pembe ndogo. Chuma juu ya chuma kinakatana, na ule ukingo ukishalala hauinuki tena. Kama unapanga dai kadhaa kwa wakati mmoja ziachie nafasi, na zote ziangalie upande mmoja.

Unapoiweka kwenye bao, dai yenye upande mrefu ulionyooka, kama mstatili au mraba, iweke kwa mshazari. Ukiiweka sambamba na rola ule upande wote unagonga kwa mara moja, unasikia hendeli inakataa, na ukilazimisha ndo unaumiza mashine. Kwa mshazari inaingia kona kwanza na presha inagawanyika. Na usikatie palepale kila siku, leo kushoto, kesho kulia, pleti zitachakaa sawasawa. Mashine nyingi pia presha ya katikati ni dhaifu kidogo kuliko ya pembeni, dai ndogo yenye michoro mingi ukiisogeza kutoka katikati unaweza kushangaa inavyokata vizuri ghafla.

Sasa zungusha, mwendo mmoja wa taratibu bila kusimama-simama. Utasikia milio ya kukwaruza na kupasuka-pasuka, usiogope, ni plastiki ya pleti inapokea ukingo wa dai, ni kawaida. Kisichokuwa kawaida ni hendeli kugoma. Hapo rudisha nyuma, toa, hesabu tabaka zako upya, karibu kila mara kuna pleti ya ziada imeingia au dai imelala vibaya. Usiite mtu akusaidie kusukuma.

Haijakata vizuri, ufanyeje

Hapa ndo watu wanapoharibu dai, kwa sababu wakiona sehemu haijakata wanarukia kuongeza presha kubwa. Nenda kwa hatua.

Kabla hujagusa chochote inua kona ya pleti ya juu uangalie bila kuitoa karatasi kwenye dai. Kama imebaki kidogo, funika, rudisha sandwichi kinyumenyume kupitia rola, ipitishe mara ya pili. Bado? Geuza pleti na dai kwa pamoja robo mzunguko zikiwa bado zimeshikana, kama umbo lake linaruhusu kuingia kwenye mdomo, upitishe tena. Mstari uliokuwa sambamba na rola sasa umesimama, na mara nyingi unakata.

Ikishindikana, sasa kazia. Chukua karatasi moja ya kawaida ya fotokopi, ile ya gramu 80, iweke chini ya pleti ya chini, jaribu. Bado, ongeza ya pili. Baada ya mbili tatu badala ya kurundika weka kipande kimoja cha manila. Hatua baada ya hatua. Na kama sehemu isiyokata ni moja tu, labda ua la kushoto linagoma na mengine yote yanakata, usikazie sandwichi nzima, kata kipande kidogo cha karatasi saizi ya lile ua, kiweke nyuma yake hapohapo kwa tepu. Sehemu nyingine hazikuwa na shida, ukiziongezea presha unazilaza makali bure. Ukishapata idadi iliyokubali, iandike kwa kalamu kwenye mfuko wa dai hiyo, "karatasi 2, mshazari", siku nyingine huanzi upya.

Kuna bamba jembamba la chuma linalouzwa kwa ajili ya kukazia dai zenye michoro mingi sana. Linafanya kazi, lakini kwangu ni la mwisho kabisa, na likiwa ndani zungusha polepole mno, maana chuma hakibonyei kama karatasi na ukizidisha dai inapinda au pleti inapasuka.

Kuna ushauri unazunguka kwamba ukipitisha dai kwenye foili ya jikoni unainoa. Foili inasaidia kutoa vumbi la karatasi na vinyuzi vilivyoganda kwenye ukingo, na dai ikishakuwa safi inakata vizuri zaidi, watu wanaona imenoleka. Ukingo uliolala haurudi kwa foili. Itumie kama usafi. Jiwe la kunolea na msasa visikaribie dai kabisa, unakula ukingo ambao tayari ni mfupi.

Na kabla ya kulaumu dai, angalia karatasi yako. Karatasi iliyonyonya unyevu inakuwa laini, nyuzi zake zinabonyea badala ya kukatika, unapata kingo zenye manyoya. Wakati wa masika hii ndo sababu namba moja pwani. Ipime kwa vidole, karatasi kavu ukiikunja kidogo ina sauti kali, iliyolowa iko kimya na inalegea. Karatasi zako zifunge kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa, zisilale wazi shelfuni.

Karatasi ipi

Kadi ya msingi, ile inayokunjwa, gramu 250 hadi 300. Vipambio vya kawaida, maumbo makubwa, fremu, gramu 200 hivi inatosha na ndo dai nyingi zinapoifurahia. Lesi na majani yenye michoro mingi shuka mpaka 120 au 160, ukilazimisha 300 kwenye lesi itabaki nusu ndani ya dai na hutaitoa salama. Fotokopi ya gramu 80 inakatika, ila ni laini na inachanika wakati wa kuitoa, iache iwe ya majaribio na ya kukazia. Manila za stationari zinatofautiana sana hata kama zinafanana rangi, ukipata moja inayokata vizuri uliza gramu zake na ununue ya kutosha oda yako yote, maana ukienda wiki ijayo unaweza kupewa nyingine.

Karatasi za kung'aa zenye rangi ndani na nyuma nyeupe, nyingi zinakata vizuri. Zenye glita ya mchanga zinaacha chembe kwenye dai na kwenye pleti, ukimaliza safisha palepale, chembe moja ikibaki inachora alama kwenye kadi zote zinazofuata. Kadibodi nyembamba kama ya boksi la nafaka za asubuhi inapita kwenye maumbo rahisi, ila itabidi upunguze unene mwingine kwenye sandwichi. Bati, plastiki ngumu na mbao achana navyo.

Na kitenge? Kinakatika, na kwa kadi za harusi zetu kinapendeza kuliko karatasi yoyote ya duka. Siri iko kwenye gamstei, ile wanayotumia mafundi kwenye kola. Piga pasi kitenge upande wa ndani kwa gamstei mpaka kishike chote, kiache kipoe, kiwe kigumu kama karatasi, ndo uweke kwenye dai. Tabaka moja tu, dai yenye umbo la wazi kama ua kubwa, moyo, herufi nene. Bila gamstei kitambaa kinaingia ndani ya ukingo, nyuzi zinavutika na huambulii kitu. Nyuzi mbili tatu zitabaki hazijakatika, zimalizie kwa mkasi mdogo, usivute.

Kuitoa karatasi kwenye dai

Dai zenye michoro mingi zinang'ang'ania karatasi, na hapa ndo kazi nzuri inachanika. Kinga yake ni karatasi ya kuokea, ile yenye nta au isiyoshika. Kata kipande, kiweke kati ya dai na kadi, pitisha. Inakatika pamoja na kadi na inafanya kadi iteleze kutoka. Ikiwekwa nyuma ya kadi haisaidii kitu, lazima iwe katikati.

Kwa vile vipande vidogo vya ndani, chukua dai ikiwa na karatasi yake, iweke juu ya kitu laini, mgongo wa dai juu. Soli ya kandambili iliyochakaa ukiikata ikawa bapa ni nzuri mno kwa hili. Pitisha brashi ngumu yenye nywele fupi huku ukizungusha na kukandamiza, vipande vinaangukia chini. Vilivyobaki sukuma kwa pini kupitia yale matundu, kimoja kimoja, ukianzia katikati kwenda nje. Usichokonoe kwa ncha ya kisu upande wa ukingo, unaukwaruza.

Halafu kadi yenyewe itoe kwa kusukuma matundu yote polepole mpaka inyanyuke yote kwa pamoja. Ukivuta kona moja lesi inabaki nusu.

Kama kipambio kina michoro mingi na kupaka gundi kwa mkono ni mateso, bandika gundi ya karatasi ya pande mbili nyuma ya kadi kabla ya kukata. Ukishakata unabandua ganda la nyuma na kipambio kizima tayari ni stika. Gundi itabaki kwenye ukingo wa dai, ifute siku hiyohiyo.

Mbinu za kuongeza thamani ya dai moja

Dai moja inaweza kukupa kazi nyingi. Kata umbo lilelile kwenye rangi tatu na ubadilishane vipande vya ndani, ua jekundu likae kwenye tundu la kadi ya dhahabu, jani la kijani kwenye tundu lake, yote yakae bapa bila kupandana. Uandike jina la maharusi kwa herufi za dai, ukate mara tatu nne kwa manila na ubandike moja juu ya nyingine, herufi inanyanyuka kama imechongwa. Hii inauzika sana kwenye kadi za sendofu.

Nyingine ni kukata nusu. Unataka ua litokeze nje ya ukingo wa kadi lakini upande mmoja ubaki umeshikana nayo. Panga kama kawaida, ila pleti ya juu isifunike dai yote, iishie palepale unapotaka kukata kuishie. Pasipo na pleti hapana presha, hapakatiki. Zungusha taratibu, na ule upande wa dai uliobaki bila pleti uwe wa mwisho kufika kwenye rola, ukisimama kabla haujaingia kabisa na kurudisha nyuma. Jaribu kwa karatasi ya bure kwanza.

Ukitaka mchoro utokeze zaidi baada ya kukata, acha karatasi ndani ya dai, badala ya pleti ya juu weka mkeka wa mpira laini unaouzwa kwa kazi hiyo, rekebisha unene, pitisha tena. Mpira unaisukuma karatasi iingie kwenye mashimo ya dai bila kuikata.

Ukiwa na oda kubwa, tuseme kadi 200, usikamilishe kadi moja moja. Kata fremu zote kwanza, kisha maua yote, kisha majina. Kila baada ya kadi kumi hivi geuza pleti, utaona hapa chini kwa nini.

Pleti

Pleti ni kitu cha kuchakaa, zimetengenezwa ziumie badala ya dai, kwa hiyo mikwaruzo isikuumize moyo. Kinachozimaliza mapema ni kupinda. Ukikata upande uleule kila mara zinajikunja kama bakuli, sandwichi inakuwa haijalala, presha inakosekana katikati, na wewe unaanza kukazia makaratasi kumbe dai haina kosa. Zigeuze juu chini na mbele nyuma kila mara. Iliyopinda iweke kipindo kikiangalia upande mwingine na uendelee, inarudi yenyewe kidogo kidogo.

Tenga jozi moja ya dai zenye michoro midogo, jozi nyingine ya maumbo makubwa. Mifereji iliyochimbwa na dai kubwa inaachia nafasi dai ndogo ishindwe kukata hapo, na pia inachora alama kwenye uso wa kadi. Kama kadi yako inaonyesha alama za pleti weka karatasi ya fotokopi kati ya pleti na kadi.

Za mashine nyingi zina unene wa milimita 3 hivi. Zikipasuka wengine wanakimbilia kwa mafundi wa mabango kukatiwa perspeksi. Perspeksi ni plastiki inayovunjika kama kioo, chini ya rola inaweza kupasuka vipande vikali vikaruka usoni, sishauri hata kidogo. Kama huna namna ulizia polikaboneti, hiyo inabonyea bila kuvunjika, na unene uwe uleule wa pleti ya zamani, ipimwe na kifaa sio kwa jicho.

Usafi, kutu na mahali pa kuziweka

Baada ya kazi ipige brashi kavu ukingoni, matundu yote yawe wazi, vumbi la karatasi likikaa linanyonya unyevu na kushikilia kwenye chuma. Ikiwa na gundi au glita, pamba yenye spiriti kidogo, futa, kisha kitambaa kikavu, kisha iache dakika chache hewani kabla ya kuifunga. Usiilowanishe kwenye maji ya sabuni, na ukitumia vitambaa vile vya watoto vyenye maji, kausha mara hiyohiyo.

Jasho lina chumvi. Angalia dai iliyoanza kutu, mara nyingi doa la kwanza liko pale vidole vinaposhika. Shika kwa pembeni, na siku ya joto kali pitisha kitambaa kikavu kwenye dai zote ulizozigusa kabla hujalala.

Kutu ikishaanza na bado ni rangi ya chungwa juu tu, isugue kwa mswaki mkavu, weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa, ipake yote nyembamba, iache kidogo, ifute mpaka kitambaa kitoke safi. Kisha kata karatasi za bure mpaka isitoe tena alama ya mafuta. Kutu iliyokula ukingo ukaona vijishimo haina dawa, hiyo dai itumie kwenye maumbo ya majaribio.

Iliyopinda iweke mezani uone imenyanyuka wapi, inyooshe kwa vidole kidogo kidogo kwa kuikunja upande wa pili, usigonge nyundo. Au igeuze ilale kinyume kati ya pleti mbili bila karatasi, bila kukazia, ipitishe mara moja.

Kwa kuziweka, karatasi ya sumaku ndo bora, iliyobandikwa kwenye manila ngumu na kuingizwa kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu. Dai inashika bapa, haigongani na wenzake, na unaipanga kwenye boksi kama faili. Chora umbo lake kwa penseli kwenye ile manila ili dai ndogo ikipotea ujue. Sumaku usiiweke karibu na kadi za benki. Kila boksi litupie vipakiti vya silika, vile vinavyokuja ndani ya boksi za viatu na mikoba mipya, waambie majirani wasivitupe. Vikikaa miezi vinajaa unyevu na havisaidii tena, kwa hiyo weka vipya kabla masika hayajaanza, na siku hiyo toa kila dai uiangalie ukingo kwenye mwanga wa dirishani, ufute, urudishe. Boksi likae kabati la juu mbali na ukuta wa bafu na mbali na dirisha linaloangalia baharini.